Mgeni Aliyekuja na Jiwe

Nimechoka na bahari. Nakaa Cheyo, Tabora, mahali ambapo maji ya chumvi hayapatikani mpaka mtu ayachanganye mwenyewe kwenye ndoo, na mtu huyo ni mimi. Kila wiki nachuja maji, natia chumvi inayotoka Dar es Salaam, nakoroga, napima, nakoroga tena. Wanawake wa rika langu wameumia magoti kwa kulea wajukuu. Yangu yameharibiwa na samaki wasioliwa.

Tangi ni la marehemu baba. Alikuwa muuza vitambaa hapa mjini, na mke alikwenda kumtoa Pangani, pwani. Mama alipofika uzeeni akaanza kukaa barazani akitokwa na machozi bila kusema kitu. Baba akaamua kumletea bahari sebuleni: tangi la kioo lenye urefu wa kitanda, mawe ya matumbawe, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Kabla hajafariki aliniita, akaniambia, "Mwanangu, samaki wa mama yako usiwaache wafe." Basi. Ndugu zangu walirithi duka na kiwanja, mimi nikarithi chumvi.

Balaa hili la sasa lilianza na kaka yangu wa Dar es Salaam. Alipata jiwe jipya kwa mtu anayefuga matumbawe, akalipakia kwenye deli lenye maji ya bahari, akalipandisha treni. Nililipokea stesheni kwa furaha, mjinga mimi. Jiwe la namna ile haliji peke yake. Lina matundu, na kila tundu lina mpangaji wake.

Wa kwanza alikuwa mnyoo mwenye manyoya. Nilimtoa kwa kibano, lakini manyoya yake yakanichoma, na vidole vikawasha hadi siku ya pili. Kisha vikachomoza vidude laini vyenye umbo la ua, vizuri kwa macho, ila vinachoma kila kinachokaa karibu, na ukikata kimoja kesho unakuta ukoo mzima. Hivyo nilivichoma sindano ya maji ya ndimu yaliyochemka. Mama alikuwa kitini kwake akinitazama ninavyohangaika.

"Kwani wamekukosea nini?" akauliza. "Wametoka safari hao."

Hiyo ndiyo sheria ya nyumba yetu, na ya nyumba nyingi za zamani hapa Tabora. Mji huu umekaa njiani tangu enzi za misafara. Nilipokuwa mdogo, mtu wa Bukene aliyeachwa na treni ya Mwanza alilala kwenye ukumbi wetu, na mtu wa Ulyankulu aliyekuja kuuza maharage akala nasi. Hakuna aliyemuuliza jina wala alikotoka kabla hajanawa na kula akashiba. Kumuuliza mapema ilikuwa ni kumwonyesha mlango. Mama alijifunza sheria hiyo akiwa bibi harusi, na anaishika kuliko sisi tuliozaliwa nayo.

Mchana mmoja umeme ulikatika, pampu za tangi zikanyamaza. Ndipo nikasikia, kutoka ndani ya maji: ko, ko, ko.

"Karibu," mama akaitika bila kugeuza kichwa.

"Unamkaribisha nani, mama?"

"Anayebisha hodi."

Nilichukua tochi nikamulika jiwe lile jipya. Ndani ya tundu kulikuwa na macho mawili juu ya vijiti, kila moja likitazama upande wake, na chini ya macho, mikono iliyokunjwa kama ya vunjajungu. Ni mdudu wa jamii ya kamba wa baharini. Anachotaka kula hukipiga ngumi mpaka kipasuke. Sasa nikaelewa kwa nini konokono wangu wanaosafisha kioo walikuwa wakipungua, na kwa nini chini ya jiwe palijaa vipande vya magamba yao.

Siku chache baadaye samaki mmoja hakuonekana. Nilimwambia mama amejificha nyuma ya mawe.

"Usinidanganye," akasema. "Mimi si mtoto."

Amebaki mmoja. Nilimtazama akizunguka peke yake, nikasema huyu naye akiliwa, kaburini kwa baba nitakwenda na uso gani? Nikatengeneza mtego wa chupa, nikaweka kipande cha samaki ndani. Asubuhi chambo kiko palepale, kimeanza kunuka. Nikabadilisha, nikaweka nyama ya kamba. Hakugusa. Nikasikia kwamba soda isiyo na sukari ikisukumwa kwa bomba la sindano ndani ya tundu humtoa mdudu mbio. Ni kweli alitoka mbio, akaingia tundu la pili. Nililowa hadi kifuani, na kwenye tundu jipya akaanza kugonga tena.

Nilikwisha kukata tamaa siku niliyorudi kutoka sokoni baada ya alasiri nikamkuta mama amesimama. Mama huyu ambaye hata kwenda msalani anataka mkono. Ameshika ukingo wa tangi, na kwa mkono wa pili ameshika kijiti cha mshikaki, nchani kuna dagaa wa Kigoma. Mdudu ametoka nusu mwili, anapokea.

"Mama!"

"Marahaba," akanijibu, kwa kuwa nilikuwa sijamwamkia.

"Ndiyo maana mtego wangu haumnasi! Kumbe ameshiba!"

"Ameshiba, ndiyo. Tangu nianze kumlisha, samaki ameguswa?"

Hakuguswa, lakini sikuwa na subira ya kukubali. Nilitupa kikapu chini. "Nimechoka, mama! Mgongo wangu umekwisha kwa maji haya, na yote kwa ajili yako, ili samaki wako wasife!"

Alirudi kitini taratibu, nikamsaidia kukaa huku nimenuna. Akakipangusa kijiti kwa upande wa kanga.

"Baba yako alidhani nalilia bahari," akasema. "Mimi Pangani hata kuogelea sikuogelea. Nililia nyumba hii ilivyonyamaza. Nyinyi mmetawanyika, wageni wanalala hoteli. Akaniletea samaki. Sasa samaki anasema nini? Sikutaka kumvunja moyo, marehemu." Akaelekeza kijiti kwenye tangi. "Na wewe ukiingia humu, unalisalimia tangi kwanza. Huyu angalau anabisha hodi."

Kusema kweli nilikasirika: nikamkasirikia yeye, nikamkasirikia baba, nikakasirikia kila gunia la chumvi nililowahi kubeba. Nilitaka kulia nikaona hata kulia ni kazi.

"Lakini samaki ni amana ya baba yako," mama akasema. "Lete wavu."

Nikamsimamisha tena. Akashusha dagaa wake, akamvuta mdudu nje ya jiwe polepole, naye akakifuata kijiti kwa kuwa anakijua, na mimi nikamzoa kwa wavu. Nikamtia kwenye ndoo ya plastiki yenye maji ya tangi na bomba la hewa. Nikasema kesho namrudisha Dar es Salaam kwa treni, kaka akamtupe baharini.

"Hata hajaulizwa alikotoka," mama akasema. "Mweke hapa."

Nikaiweka ndoo kando ya kiti chake. Bado nilikuwa na kipimo cha chumvi mkononi, na maji ya tangi yalikuwa hayajapimwa tangu juzi. Nikavuta kigoda nikakaa.

Ko, ko. Kwenye plastiki ilisikika vizuri zaidi. Mama hakuitika. Alinitazama mimi, akangoja, mpaka nikasema karibu.