Njia Imefunguka Juu ya Mbale

Kwaya ya kwetu Bungoma, Kenya, ilitaka kwenda kupanda mlima kule Mbale, Uganda, na kuyaona maporomoko ya maji kutoka juu kabisa. Mimi naishi Mpumudde, hapa Jinja, upande huuhuu wa Uganda, kwa hiyo nikaombwa nitangulie kutazama. Nyumba moja ya wageni ilikuwa ikitangaza kwenye simu kila asubuhi: njia zote wazi, karibuni. Lakini mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na katika kwaya hiyo yumo mama yangu mwenye goti bovu. Mwalimu wa kwaya alitaka mtu wa kwetu aione njia kwa macho yake.

Nilitoka Jinja alfajiri, kwenye pikapu ya jirani anayepeleka samaki wa ufukwe wa Masese hadi Mbale. Usingizi sikuupata kwa hamu, na samaki walininukia mpaka nywele, lakini sikujali hata kidogo.

Baada ya Iganga tulishika barabara ya Tirinyi, mashamba ya mpunga yakijaa maji pande zote. Halafu ukuta wa mlima wetu, Wanale, ukajitokeza mbele, maji meupe yakiteremka kwenye mwamba. Jamani, nilipiga kelele mle ndani ya gari! Jirani akaniuliza kama sijawahi kuona maji, mtu wa kutoka Jinja, kwenye chanzo cha Nile.

Mbale mjini nilichukua boda boda hadi kwa Mama Khainza, mwenye nyumba ile ya wageni. Aliposikia Kiswahili changu alicheka, akaniita afande, maana kwao Kiswahili ni lugha ya askari, akanipa chai ya maziwa. Wiki hiyo hakuwa na mgeni mwingine. Kwaya ingejaza vyumba vyake vyote, na hilo hakunificha. Nilimuuliza anajuaje hali ya njia. Akasema Wamono, mwongoza wageni wake, hupita kule juu kila asubuhi na kumpigia simu. Leo pia amesema njia imefunguka.

Mchana tulipanda sote watatu, mimi, yeye na Wamono. Wee, maji yale! Yalinguruma mpaka kifua kikatetemeka, na manyunyu yakatulowesha tukiwa bado mbali. Nilicheka peke yangu. Tulipopita kona ya mwisho, Wamono akanishika mkono. Mbele yetu njia ilikuwa imepasuka toka ukingo hadi ukingo, ufa wa kumeza mtu, na upande wa bondeni ulikuwa umeshaanza kuinama.

"Si nilikwambia, mama?" Wamono akamgeukia Mama Khainza. "Njia imefunguka."

Kwake yeye, ardhi iliyopasuka ni ardhi iliyofunguka. Mama Khainza alikuwa amesikia habari njema na kuitangaza. Alikaa juu ya jiwe, mikono kichwani. Mimi nilimwona akilini mama yangu akichechemea pale na kwaya nzima nyuma yake.

Tukiwa tunateremka Mama Khainza alijaribu kila namna. Je, aandike kwamba njia inatengenezwa kidogo? Au aseme juu kuna utelezi? Nilimwambia aseme alichokiona. Tulipofika uani kwake alishika simu na kumrekodia mwalimu wetu:

"Njia ya juu imepasuka, hakuna kupanda. Maji ya chini mtayaona vizuri mkiwa kwenye nyasi zangu. Kama mlitaka juu tu, msije."

Aliiweka simu mezani kifudifudi, akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Jibu lilikuja kabla sijamaliza kufunga mkoba. Mwalimu alikuwa ameuliza nyumba nyingine mbili za mlima uleule, zote zikamwambia njia ni safi. Kwaya italala kwa Mama Khainza, maana ni yeye tu aliyesema kweli. Mama Khainza alinikumbatia kwa mikono yenye sabuni, na sijui nani kati yetu alianza kulia.

Nimerudi Jinja na funzo langu. Siku hizi nikipigia simu mahali pa matembezi siulizi kama pako wazi. Nauliza leo wamefunga nini, na asiye na jibu simpelekei mama yangu.