Kibao cha Apondi

Apondi wa Kaloleni, mke wa fundi wa reli, hakujaliwa mtoto. Sisi wenzake tuliitwa Mama Lela, Mama Jama. Yeye aliitwa Apondi tu. Nalisema hili mwanzo kwa sababu ndipo mwalimu Saad alipompiga.

Mwaka wa hamsini na saba tulisoma Kiingereza jioni katika ukumbi wa mtaa. Saad alikuwa na kibao cha mbao chenye kamba, kimeandikwa MJINGA. Ukikosea wingi wa neno unavishwa shingoni, unatoka nacho hadi nyumbani na kurudi nacho darasani, mpaka umnase mwingine akikosea, umvishe. Apondi akaulizwa wingi wa “child”. Akasema “childs”.

Saad akacheka. “Utaujuaje wingi, na hata mmoja huna?”

Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Apondi alipita bombani na kibao kifuani, mbele ya foleni nzima ya ndoo. Hakulia. Kuanzia kesho yake akawa anafua huku akinong'ona: man, men, foot, feet. Kiswahili hugeuza neno kichwani, alisema, Kiingereza hugeuza mkiani, na mengine tumboni, na yote nitayashika. Tulikosea mbele yake, mimi mara nne, wala hakutuvisha.

“Nyinyi bado,” aliniambia. “Namngoja mwenyewe.”

Alikivaa miezi minane. Ndipo bwana mmoja wa baraza la mji akaja kukagua darasa, maana Saad alitaka usimamizi wa ukumbi. Mgeni akauliza habari za kile kibao.

“Huyu mzito, bwana,” Saad akasema. “Hafundishiki.”

Mgeni akamjaribu Apondi kwa maneno kumi. Akayajibu yote bila kukwama. La mwisho likawa “child”. “Children,” akasema, kisha akaendelea kwa Kiingereza hicho hicho, akaeleza neno kwa neno aliloambiwa na mwalimu wake. Safari hii hakucheka mtu. Apondi akavua kibao, akamvisha Saad, na Saad hakuthubutu kukivua.

Usimamizi aliukosa, na darasa akanyang'anywa; kibao kikabaki kwa Apondi. Njia yake ya dukani ilipita mlangoni kwa Apondi, na kila asubuhi Apondi alikaa pale akikatia mboga juu ya kibao, maandishi yakitazama njia.

“Basi shoga, yatosha,” nilimwambia siku moja. “Mtu amekwisha anguka.”

Hakuinua macho. “Nimemaliza na Saad,” alisema. “Sasa nangoja waliocheka. Wewe ulikaa benchi la pili, Mama Lela.”