Fidla ya Babu Isiyokwisha

Daktari alilisema kwa upole, kama mtu anayekukaribisha kahawa: tezi ya shingoni lazima itoke, na ikitoka huenda sauti ya mama ikaharibika. Mama alicheka. Miye nilitaka kumrushia daktari kiti. Nikiogopa huwa mkali, ndivyo nilivyoumbwa.

Njia nzima kutoka Nizwa mpaka kwetu Ibra, huku Oman, nilikuwa nikimpigia honi kila aliye mbele yangu. Babu, baba yake mama, alikuwa mpiga fidla Unguja, na wenzake wakija kufanya mazoezi nyumbani kwao. Mama alikuwa mtoto, analala nyuma ya pazia akiwasikiliza, mpaka akajua kila chombo kinapita wapi. Uko wimbo mmoja babu aliutunga mwenyewe, hauna maneno, vyombo vitupu. Haukuwahi kurekodiwa. Waliokuwa wakiupiga wamekwenda wote mbele ya haki, na umebaki kooni mwa mama, koo lile lile linalotaka kupasuliwa.

Kusoma muziki sijui hata chembe. Nilikuwa na kompyuta, kinanda kidogo cha kuchomeka, na diski zenye sauti za vyombo: fidla, chelo, besi, kanuni, filimbi. Mama anaimba kwa mdomo, na-na-na, miye natafuta kwa kidole mpaka ikae. Tulikuwa tukicheza tu siku za Ijumaa. Baada ya maneno ya daktari, mchezo ukaisha, ikawa kazi ya kila siku.

Kila mchana nikirudi kusomesha navua abaya, naitupa kitandani. "Haya mama, chelo."

"Ala! Hata salamu hakuna?"

"Shikamoo. Chelo."

"Marahaba. Na adabu umeisahau skuli?"

Chelo yenyewe ilitutoa roho. Niliipiga sawasawa, mama akakunja uso. "Hiyo inasoma gazeti, mwanangu. Hailii." Sauti aliyoitaka ilikuwa baina ya kitufe cheupe na cheusi, mahali ambapo kinanda hakina kitu. Basi pembeni pana kigurudumu cha kuvutia sauti juu na chini. Nikakisukuma kidogo kidogo, yeye kafumba macho. "Hapo hapo! Usipumue."

Siku zile akikohoa tu nakimbilia jikoni. Nikimnywesha tangawizi na asali, nikimkataza kusema na simu. "Kaa kimya, mama, tuitunze." Akinambia miye ni askari jela.

Tukapata vyombo vyote isipokuwa fidla ya mbele, ile ya babu. Siku ya kuamkia safari ya hospitali nikamkalia mbele. "Mama, fidla."

"Nikirudi."

"Mama, kesho watakupasua koo!"

"Nimesema nikirudi. Huna masikio?"

Nilipiga kelele, nikalia, wallahi nilimpigia magoti. Wapi! Mama hamalizi kazi akiwa na safari, ndivyo alivyolelewa. Hata kofia ya kudarizi aliyokuwa akiishona aliiacha na tundu moja halijazungushiwa uzi. "Ukimaliza kila kitu umeshaiaga nyumba," akasema. "Kisha kitanirudisha nini?"

Akarudi, alhamdulillah. Lakini alipofungua kinywa ulitoka upepo. Daktari alituambia tusubiri. Tukasubiri, na upepo ukabaki upepo. Mama akaimaliza kofia yake, tundu likazungushiwa uzi, na miye nikawa siwezi kuingia kile chumba chenye kompyuta. Nilimkasirikia, Mungu anisamehe. Kila akinong'ona kuomba chumvi nilikuwa nikiisukuma kwa kishindo.

Alasiri moja nikamkuta keshakaa mbele ya kinanda, ananinyooshea kidole niwashe. Nikaupiga wimbo wote, na pale palipotakiwa fidla ya babu palikuwa pameachwa wazi. Akanigonga bega: tafuta. Nikabonyeza kitufe, akatikisa kichwa. Nikabonyeza kingine, akafyonya. Kufyonya hakukumpotea! Nikasukuma kigurudumu unywele mmoja, akainama, akafumba macho. Hapo nikafahamu. Koo wamelipasua, masikio hawakuyagusa.

Tukaenda hivyo, sauti moja baada ya moja, miye nakisia na yeye anakataa. Nikikosea sana ananifinya. Fidla ikaanza kulia chumbani Ibra, na mama akilia nayo bila sauti.

Kisha daktari akampigia simu kaka yangu: mama arudi Nizwa, kuna kitu shingoni wanataka kukitazama tena. Kesho asubuhi. Hakusema kitu gani.

Jioni ile ilikuwa imebaki sauti moja, ya mwisho kabisa. Hata mtoto angeijua, kwani wimbo wote ulikuwa ukielekea pale. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nikautazama mfuko wake wa safari mlangoni. Kofia imekwisha, nguo zote amezikunja, mtungi amejaza maji. Nyumba nzima hapakuwa na kitu kingine ambacho hakijamalizwa.

Nikatoa kidole. "Sijaipata, mama."

Alinitazama sana. Aliijua, na alijua kuwa naijua. Akanivuta sikio mpaka karibu na mdomo wake, nikasikia ule upepo:

"Usiipate upesi, mwanangu."