Shangazi na Mluzi wa Jeti

Ukimpelekea shangazi yangu kabureta ya gari lililowazidi umri wazazi wako, usijifanye kumweleza. Utanyamazishwa. Ataigeuza kiganjani kama anachagua nyanya, atakutajia ni ya gari gani, na ukimuudhi atakutajia na mengine.

"Hili boya la ndani si lake. Aliyekuuzia alikuona sura ya kuibiwa."

Lakini mambo yenyewe yalikuwa kwenye jeti. Jeti ni kiskrubu cha shaba chenye kitundu katikati, petroli hupita humo kwenda kuchomwa. Ubavuni huwa na namba. Shangazi namba haziamini.

"Mafundi wameshatoboa wakapanua, namba imebaki palepale inadanganya. Kama picha zenu za mtandaoni."

Basi yeye alikuwa anaiweka mdomoni, anapuliza, anasikiliza. Kitundu chembamba hupiga mluzi mkali, kipana hutoa sauti nzito. Alifundishwa na marehemu mume wake, na kibanda chao cha spea kilijulikana kwa mluzi huo. Mafundi wa gereji za jirani wakiusikia asubuhi walijua mama kafungua.

Mimi naishi kwake, na nilishtukia jambo jikoni. Birika linapiga filimbi, mvuke umejaa, yeye yuko pembeni yake anamenya vitunguu kwa raha zake.

"Shangazi, birika linalia!"

"Acha uongo wako."

Akacheka. Halafu akageuka, akaona ule mvuke, akasimama pale na kisu mkononi.

Nikamwambia twende hospitali, labda ni masikio. Akanikatiza: "Masikio haya yanasikia umbea wako wote, yana shida gani?" Kweli, maneno alikuwa anayapata vizuri. Zile sauti nyembamba tu ndizo zilizomkimbia. Baadaye akaja kukaa kitandani kwangu, utani umemwisha. "Usimwambie mtu. Wakijua sisikii jeti, nani atakuja tena? Nitakuwa bibi wa kuuza vyuma."

Nikafunga mdomo.

Ndipo akaja Bwana Harusi. Huyo ni rafiki wa marehemu mume wa shangazi, hajawahi kuoa, ila gari lake la kizamani limebeba maharusi wa mtaa mzima, ndiyo maana ya hilo jina.

"Shemeji, gari linakohoa," akasema.

"Mmeambukizana. Leta hiyo kabureta."

Jeti yake ilikuwa imechakaa. Shangazi akachambua jeti nyingine kwenye trei, akapuliza moja, akapuliza nyingine, akarudia ya kwanza. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu. Mimi nikatoka kununua maji, niliporudi nikakuta keshachagua.

"Hii hapa. Nenda kaoze watu."

Kitundu kilikuwa chembamba mno. Petroli ikawa haitoshi, injini ikachemka, pistoni ikatoboka barabarani, bibi harusi yumo ndani na shela lake. Akamalizia safari kwenye gari la watu.

Bwana Harusi alirudi kibandani na mfuko mkononi. Hakufoka. "Uzee tu, shemeji. Injini ilikuwa imeshachoka."

"Humo mna nini?"

"Kabureta. Nabaki nayo kama kumbukumbu."

Shangazi akamnyang'anya. Akafungua, akaitoa ile jeti, akaifuta kwa khanga, akapuliza. Jamani, ulitoka mluzi mkali mpaka fundi wa upande wa pili akageuka. Bwana Harusi akakunja uso. Shangazi alikuwa anatuangalia nyuso.

"Inalia vipi?"

Mimi nikaangalia chini.

"Nzito, shemeji," Bwana Harusi akajibu haraka. "Nzito kabisa. Ndiyo yenyewe."

Yule mzee hajui kudanganya hata kidogo. Shangazi akaifumbata jeti kiganjani.

"Kwa hiyo mmeanza kunionea huruma."

"Gari ni chuma tu. Nitapata wapi mwingine wa kunitukana?"

"Nimekuulia gari, wewe unaniletea utani."

"Sasa nikulilie?" Na macho yake yalikuwa yameshajaa.

Wakakaa kwenye benchi. Hapo hapo akaingia kijana dereva, mgeni kwetu, ana haraka, akamnyooshea shangazi jeti.

"Mama, nimeelekezwa kwako. Wanasema wewe unapuliza tu unajua."

Shangazi akaipokea. Mkono ukaenda wenyewe mpaka mdomoni, midomo ikajikunja kupuliza. Akaishusha. Akairudisha kwenye kiganja cha yule kijana, akamkunja vidole juu yake.

"Sijui, mwanangu."

Kijana akacheka. Alishaambiwa kwamba huyu mama ni mtu wa masihara. Akaegemea kaunta, anatabasamu, anasubiri ajibiwe.