Pilau ya Radhi

Mtu akikuletea mbuzi na hapana sherehe, mtazame mbuzi mara moja, mtu mtazame mara mbili. Ndivyo nilivyofanya tajiri wa dada yangu alipofika kwetu na pikipiki, mbuzi kafungwa nyuma, mchele mbele, na pole nyingi kuliko mchele.

Dada alikuwa akifanya kazi kwa tajiri huyo, njia ya Baleni, kwenye mashine ya kukuna nazi za mafuta. Mashine ilikuwa imemla vidole viwili vya mkono wa kulia. Mimi nilikuwa nyumbani. Mimi huwa nyumbani. Nauza barafu dirishani, na safari yangu ndefu ni kuomba chumvi kwa jirani.

"Ni kudura ya Mungu," tajiri akasema, kajikunja mkekani kwetu kama mfiwa. "Jumamosi nitapika, tusome dua, binti yangu anipe radhi mbele ya watu. Yaishe."

Yaishe yapi, kama ni kudura? Kwetu ukishakula chakula cha mtu na kutamka hadharani kwamba umemsamehe, kesho ukirudi kudai, mbaya ni wewe.

"Na kifuniko cha mashine, tajiri?" nikauliza. Dada alikuwa amenieleza kwamba palikuwa na bati la kukinga mikono, tajiri akaling'oa kwa kuwa lilichelewesha kazi.

"Kifuniko gani? Mashine ilikuja hivyo hivyo. Muulize yeyote."

Nikawauliza wenzake dada. Wote siku hiyo walikuwa na kikohozi. Hata dada mwenyewe nikaanza kumshuku, labda bati lile aliliona kwa homa ya kidonda.

Lakini redioni nilishasikia kwamba kinga ya mashine ni wajibu wa mwajiri, na mtu akiumia, mwajiri ndiye wa kutoa taarifa serikalini ili fidia ifuate. Huyu taarifa yake ilikuwa mbuzi. Nikamweleza shangazi.

"Ewe wakili wa barafu," akanicheka, "hiyo sheria yako itavuka kizingiti, au itakaa ndani na wewe?"

Jumamosi shughuli ilikuwa uani kwetu; vyombo vilitoka kwa tajiri, na wapishi ni vibarua wake. Mimi nikazunguka sufuria la pilau kwa ajili ya upelelezi, ingawa pua nayo ilikuwa na shauri lake. Pilau ilikuwa imepaliwa, makaa mekundu juu. Mpishi alipoyakwangua, nikaona kile kilichofunika si kifuniko cha sufuria. Ni bati zito la kijani, limekunjwa ukingoni, lina matundu ya bolti kila pembe.

"Hakuna kitu kinapalia pilau kama hiki," mpishi akajisifu. "Tangu king'olewe kule kwenye ma—" Kikohozi kikamrudia.

Dada alikuwa nyuma yangu. "Ndicho," akasema taratibu.

Nikakichukua kwa tambara, nikakiweka chini, nikakikalia. Kilikuwa bado kina moto. Ushahidi mwingine upo, ila hauonyesheki mbele za watu. Tajiri akanitazama, nami nikamtazama. Angekidai vipi kitu alichosema hakijapata kuwapo?

Dua ikaisha. Ustadhi akamgeukia dada, radhi ikangojwa. Dada akainua ule mkono wenye bandeji. "Mungu nimemshukuru kwa kunibakishia vitatu. Ila tajiri radhi simpi, mpaka hicho alichokalia ndugu yangu kielezwe. Na pilau yake siili."

Mimi niliyekuwa nikiiota pilau ile tangu Alhamisi, nikalisogeza sinia kwa shangazi. Shangazi akashika tonge, akaliangalia, akalirudisha.

Jumatatu nilivuka kizingiti. Tulikwenda Kilindoni, dada na mimi, kuitafuta ofisi ya serikali inayopokea mambo ya kazi, bati kwapani, limefungwa kanga, linanukia bizari.

"Ukichoka utarudi?" dada akauliza.

"Nimeshachoka." Paa letu lilikuwa bado linaonekana.

Pikipiki ikatupita, ikasimama, ikarudi.

"Ndugu yangu," tajiri akasema, jicho kwenye kanga, "hicho chombo ni changu."

"Ndiyo, tajiri," nikamjibu. "Ndivyo tunavyokwenda kusema."