Kasia Mguuni mwa Baba

Juzi, ufukoni mwa mji wa Baraka, nilimwona mvuvi akibebwa, mguu wake umefungwa kwenye kasia. Uchovu wa zamani wa kumngojea baba ukanirudia.

Nilipokuwa mtoto, alasiri moja, boti ya injini iligonga mtumbwi wa baba. Walimlaza mchangani, akinuka petroli na visamaki vya ndagala.

“Musimuinue kwanza,” shangazi aliwaambia wavuvi. “Muguu umevunjika. Mulete kasia.”

Alirarua kitenge chake, akaufunga mguu kwenye kasia, taratibu. Baba aliuma meno, akanitazama mimi, bintiye.

“Usilie, mama.”

Sikulia. Nilidhani wanamfunga ili asirudi tena ziwani, na moyoni nikashukuru.

Leo najua walikuwa wanauzuia mfupa usichezecheze hadi hospitali. Ukaunga. Mvua zilipokwisha, baba aliingia mtumbwini akichechemea, nami nikaanza upya kumngojea.