Mbuzi Niliowakubali Bila Kusikia

Siku hizo nilikuwa na ugonjwa wa kuitikia. Mtu akiongea nami, mdomo wangu ulisema "eeh," "sawa," "kabisa," huku macho yakiwa kwenye simu. Mimi ni karani wa serikali, nimepanga chumba mtaa wa Kiwanjani, mke wangu na watoto wapo nyumbani Meru. Kazini nilikuwa nikifungua faili, nasoma mstari wa kwanza, kisha kidole kinakwenda chenyewe kwenye video ya mtu nisiyemjua akiosha zulia. Nimetazama mazulia mengi sana yakioshwa. Kwangu hakuna hata moja.

Jirani yangu ni mama wa Kiborana anayefuga mbuzi nyuma ya ploti yetu ya kupanga. Jioni moja nikiwa likizoni, nimekaa mlangoni na simu yangu, alikuja akanisalimia, "Salaam aleikum, jirani," akaanza maelezo marefu. Nilisikia "Korbesa," kijijini kwao. Nilisikia "harusi." Nikasema sawa. Akanishukuru, akaniombea dua, nami nikajiona mtu mwema, ingawa sikujua wema wenyewe ni upi.

Asubuhi nilimkuta mlangoni kwangu amevaa nguo za safari, ameshika kamba. Mwisho wa kamba alikuwepo mbuzi jike, na mwanawe akirukaruka nyuma.

"Huyu umkamue asubuhi na jioni," akasema. "Mtoto umfunge kando kwanza, ama atamaliza maziwa yote."

"Mimi?"

"Si ulisema sawa? Nikakuuliza kama utaweza, ukasema kabisa."

Gari la kumpeleka harusini lilikuwa likipiga honi barabarani. Nikapokea kamba.

Kumkamua mbuzi kunataka mikono miwili. Mimi nilianza na mmoja, kwa sababu mwingine ulikuwa umeshika simu iliyokuwa ikinifundisha kukamua. Mwalimu wa kwenye video alikuwa bado anajitambulisha mbuzi aliporusha teke. Kikombe kikarukia upande wake, simu ikatua kwenye mavi. Nikainama kuipangusa, na ujumbe ukaingia, nikausoma. Nilipoinua kichwa, mbuzi hayupo.

Nilimpata kwenye kamba ya nguo ya mama mwenye ploti, amekula nusu ya leso. Alitafuna polepole akinitazama usoni, wala hakugeuza macho. Kati yetu wawili, yeye ndiye aliyekuwa makini.

Mama mwenye ploti alitoka mbio. "Wewe! Unachunga mbuzi aje na macho iko kwa simu?"

Nilimwomba msamaha, nikamnunulia leso nyingine, kisha nikaizima simu na kuifungia kabatini kama mtoto aliyeadhibiwa, ingawa aliyeadhibiwa nilikuwa mimi. Siku hiyo nilipapasa mfuko mtupu mara nyingi mpaka paja likauma. Niliisikia simu ikilia kumbe haijalia.

Kesho yake mambo yalipoa. Nilikamua kwa mikono miwili, nikapata maziwa ya kutosha chai. Niligundua kwamba yule mdogo humpiga mamake kichwa kwenye kiwele kabla ya kunyonya, na mamake humvumilia. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikiwatazama asubuhi nzima, na sikuhisi haja ya kumwonyesha mtu yeyote.

Jirani aliporudi kutoka harusini na kuwachukua mbuzi wake, nilitoa simu kabatini. Mke wangu alikuwa amepiga mpaka amechoka. Nikampigia.

"Ulikuwa wapi?" akauliza.

"Nilikuwa nakamua."

"Unakamua nini?"

"Mbuzi."

"Wa nani?"

"Wa jirani. Sijui nilikubali vipi," nikasema, na huo ndio ulikuwa ukweli. Akaniambia nilale mapema.

Sijapona kabisa. Lakini mtu akianza kunieleza jambo, sasa naweka simu chini, na nikipotea njiani namwomba aanze upya. Juzi muuza miraa alinisimulia jinsi shemeji yake alivyonunua pikipiki, akaiuza, akainunua tena. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kila neno. Hadithi yenyewe haikuwa na maana yoyote.